Mkono Mmoja na Shibiri Moja

Winfrida ananisumbua. Kila Jumamosi simu inalia, "Shikamoo Bibi, umeshaandika?" Namwambia marahaba, sijaandika, nina dagaa juani. Anasema niandike kidogo kidogo, habari ya lile gari na habari yangu mwenyewe, kwa sababu anakusanya kitabu cha watu wa kazi. Mimi kalamu niliishika darasa la ngumbaru, mwaka sabini na tano, na herufi zangu mpaka leo ni kubwa kama vifungo vya koti. Ukurasa mmoja wa daftari unanimalizia asubuhi nzima. Anayetaka habari angekuja mwaloni, akakaa juu ya gunia, nikamsimulia. Lakini huyu binti hakunidanganya hata siku ile ambayo uongo ungemfaa, na mtu wa namna hiyo huwezi kumnyima neno. Haya, naandika. Makosa ya herufi atanyoosha yeye. Maneno asiyaguse.

Naitwa Mwasiti binti Pazi. Nimezaliwa Ujiji, nimeolewa Ujiji, nakaa Kasingirima. Baba yangu alikuwa mpagazi pale stesheni ya Kigoma, reli inapoishia. Alikuwa mfupi kama mimi, na abiria walikuwa wakimpita kumtafuta mpagazi mrefu, mpaka wanamwona akiinua sanduku ambalo yule mrefu ameliacha. Alinifundisha jambo moja tu maishani. Mzigo usiuinue kwa mgongo. Ulete gotini kwanza, kutoka gotini ulete nyongani, ukishafika nyongani unakwenda unakotaka wewe. Mume wangu alipofariki, mwanangu Abdulmajid alikuwa bado ananyonya. Nilimfunga mgongoni nikashuka mwaloni na elimu hiyo hiyo ya baba. Mpaka leo ni miaka arobaini na mmoja.

Mwaloni ni pale ufukweni mitumbwi inaposhusha dagaa asubuhi. Sisi wanawake tunawanunua wabichi, tunawaanika kwenye vichanja, zile meza ndefu za miti na wavu wa waya, wakikauka tunawatia guniani, wanakwenda soko la Mwanga na kwingine. Kila kichanja kina mwenyewe, na sheria ya vichanja haijaandikwa popote, kwa hiyo naiandika mimi. Mara moja kwa mwaka mwenye kichanja hupakia gunia la kwanza garini mwenyewe, wenzake wakitazama. Zamani ilikuwa masika yakiisha. Siku hizi serikali inafunga ziwa miezi mitatu samaki wazaliane, basi tunafanya hivyo likifunguliwa. Ukilipandisha gunia lako peke yako, kichanja ni chako mwaka mzima, hata baadaye ukisaidiwa hakuna neno. Ukishindwa, unamkabidhi anayefuata kwenye foleni, unapewa beseni moja la dagaa wabichi, unakwenda nyumbani. Nimewaona wanawake sita wakipewa beseni hilo. Wote walisema asante. Wawili tu ndio waliorudi mwaloni hata kutusalimia.

Sasa mwaka juzi niliteleza kwenye mawe yenye utelezi nikaangukia goti la kulia. Hospitali wakasema mfupa mzima, lakini goti halirudi kama zamani. Kweli halikurudi. Pikapu tunazokodi zina bodi juu sana, nyingine inanifika kifuani. Mwaka ule nilipandisha gunia langu kwa kiburi tu, nikaumwa siku tisa, wala sikumwambia mtu. Mwanangu aliona. Abdulmajid ni dereva wa bodaboda, macho yake yamezoea kuona shimo kabla hajalifikia.

"Mama," alisema, "mwakani utapumzika."

"Mwakani ni mbali."

"Nimekununulia kiti."

Akanitolea kiti cha plastiki cha bluu, chenye mikono miwili, akakiweka kibarazani palipofagiliwa vizuri. Nikakitazama kile kiti. Kilikuwa kizuri. Nikamwambia asante baba, nikaanika kanga juu yake.

Hapo ndipo wakaja watu wa kampuni ya magari. Winfrida alikuwa mfanyakazi wao, katumwa kutoka Dar es Salaam pamoja na wazungu wawili wenye kofia. Kampuni ilitaka kutengeneza pikapu ndogo ya watu kama sisi, ndivyo alivyosema, na wamekuja kuuliza tunataka iweje. Wanawake wakajibu: iwe na nguvu, isinywe mafuta mengi, iwe na redio. Veneranda akasema iwe nyekundu. Veneranda ni Muha wa Buhigwe, tumeanika kwenye vichanja jirani miaka ishirini na sita, na binti yake ndiye aliyekuwa anafuata kwenye foleni nyuma yangu. Kumbuka hilo.

Winfrida akanifikia mimi. "Na wewe Bibi, gari lako liweje?"

"Lishuke."

"Lishuke vipi?"

"Gunia likiwa nyongani kwangu, nisilipandishe tena. Nilisukume tu liingie. Nguvu na redio mtajua wenyewe."

Mmoja wa wale wazungu akatoa futi ya chuma, anataka kunipima nyonga mbele ya watu. Nikamwambia Winfrida amwambie arudishe mfukoni. Nikachukua uzi mnene wa wavu, nikaukanyaga kwa kidole gumba cha mguu, nikauvuta mpaka nyongani, nikafunga fundo. Nikampa Winfrida. Akautia kwenye bahasha, akaandika jina langu juu yake. Niliona akiliandika, na aliliandika sawasawa.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Februari, picha ikaingia kwenye simu ya Abdulmajid. Gari la mfano. Moja tu, limewekwa juu ya zulia kwenye maonyesho huko kwao, na watu wenye suti wamelizunguka. Dogo, rangi ya udongo, bodi yake imekaa chini katikati ya magurudumu, na mlango wa nyuma unalala mpaka zuliani. Winfrida akapiga simu. "Bibi, ni uzi wako ule. Na wakubwa wamesema yatatengenezwa machache ya majaribio, moja lije Kigoma kabla ziwa halijafunguliwa."

Hapa nitasema kosa langu mwenyewe, asije mwingine akalisema. Nilikwenda mwaloni nikajigamba. Niliipitisha ile picha kichanja kwa kichanja. Nikasema mbele ya wanawake wote kwamba mwaka huu Mwasiti atapakia gunia lake kwenye gari lililopimwa kwa nyonga yake, na atakayetaka kichanja changu alete mkeka alale hapo nje akisubiri.

Veneranda alikuwa anageuza dagaa wake, hakuinua hata kichwa. "Mwakeye, mwenye gari," akanisalimu kwa Kiha. "Likifika utuamshe."

Ziwa likafungwa katikati ya Mei. Mitumbwi ikapandishwa mchangani, vichanja vikabaki vitupu. Juni, siku ya Jumanne, simu ikalia saa nne asubuhi. Winfrida hakuuliza hata hali ya nyumbani.

"Bibi, samahani. Kampuni imeufuta mpango."

"Mpango upi?"

"Wa gari lako. Wamekaa kikao. Wanasema wakipiga hesabu wanunuzi ni wachache, afadhali waendelee na magari makubwa."

"Mimi nimehesabiwa?"

"Hapana, Bibi. Sidhani kama umehesabiwa."

"Na lile moja liko wapi?"

"Limeingizwa stoo."

"Na uzi wangu?"

"Uko kwenye faili. Faili nalo wamelifunga. Bibi, ningeweza kukwambia limechelewa tu, ungesubiri. Niliona bora nikwambie."

Nikamwambia amefanya vizuri. Na amefanya vizuri kweli, kwa sababu mtu akikwambia limechelewa unakaa kibarazani kulisubiri, na huko kukaa ndiko kulikokuwa kunanitafuta.

Jioni Abdulmajid alirudi ameshasikia, maana mji huu habari hazihitaji bodaboda. Akaiondoa kanga yangu juu ya kiti, akaikunja vizuri. "Mama, watu waliotengeneza magari miaka yote wameshindwa. Wewe utaweza?"

"Hawakushindwa. Wamelitengeneza, umeliona kwenye picha. Wamelikataa tu."

"Si mamoja?"

"Si mamoja hata kidogo. Lisilowezekana ni jingine. Hili linawezekana."

Asubuhi yake nikapanda bajaji mpaka Buzebazeba kwa Castory. Castory ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza mageti na madirisha, kijana mrefu wa Kasulu, ukimtazama usoni shingo inauma. Nyuma ya karakana yake kulikuwa na guta, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, injini nzima ila bodi imeoza. Mwenye guta alilitelekeza hapo. Nikamwonyesha picha.

"Nataka hivi. Bodi ikae mkono mmoja na shibiri moja kutoka chini."

"Bibi, guta haliwi hivyo. Bodi inakaa juu ya ekseli."

"Nani aliiweka juu?"

"Waliolitengeneza."

"Basi na wewe litengeneze."

Akacheka. Nikangoja amalize. Akachuchumaa, akatazama chini ya guta muda mrefu, akaanza kusema peke yake, kwamba springi zikihamishiwa chini ya ekseli, na bodi ikafanywa nyembamba ipite katikati ya magurudumu badala ya juu yake, huenda. Fundi akianza kusema peke yake umeshampata. Malipo tulielewana, na hayo hayakuhusu.

Alifanya kazi Juni iliyobaki na Julai nzima, katikati ya mageti ya watu. Mimi sikwenda kumchungulia, nilikuwa nyumbani nafundisha goti langu. Kila asubuhi nilitia mchanga guniani, kwanza robo, halafu nusu, nikauinua goti, nyonga, goti, nyonga, goti la kushoto sasa, si la kulia. Mwili mzee ni kama punda, ukibadilisha njia unagoma wiki ya kwanza, wiki ya tatu unasahau kama kulikuwa na njia nyingine.

Siku tano kabla ya ziwa kufunguliwa Castory akaniita. Guta limepakwa rangi, bodi iko katikati, mlango wa nyuma unalala mpaka ardhini kama kwenye picha. Nilifurahi, sikatai. Kisha nikasimama karibu nalo, na nyonga yangu ikajua kabla ya kichwa. Nikaweka kiwiko chini, nikapima mkono, nikaongeza shibiri. Sikufika. Vilibaki vidole vinne na zaidi.

"Castory, umepima kwa mkono wa nani?"

"Wangu." Akaunyoosha akautazama. "Mkono si mkono, Bibi?"

"Njoo uuweke hapa."

Tukaweka mikono pamoja juu ya bodi, kiwiko kwa kiwiko. Vidole vyake vilivuka vyangu vyote. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri madirisha wakaangua kicheko, na Castory naye, lakini mimi sikucheka. Kosa lilikuwa nusu langu. Mwaloni tunapima hivyo hivyo, mikono yetu imekaribiana, hakuna anayeuliza. Nilimwachia mtu kipimo cha mdomo tu, nikaenda zangu, wakati hata kwa wale wazungu nilifunga fundo.

"Kata," nikasema.

"Bibi, nikate tena? Nilishachomelea kila mahali. Nina madirisha ya hosteli hapa, yanatakiwa. Njoo wiki ijayo."

"Wiki ijayo dagaa watakuwa wamekauka."

"Utasaidiwa kidogo tu, vidole vinne."

"Nikisaidiwa vidole vinne nimesaidiwa."

Nikarudi nyumbani. Nikakichukua kile kiti cha bluu, nikamwambia Abdulmajid anipakize. Akauliza tunakwenda wapi na kiti. Nikamwambia si ulisema nipumzike. Akanifikisha kwa Castory, nikakiweka katikati ya mlango wa karakana, nikakaa.

Nilikaa siku mbili, tangu baada ya alfajiri mpaka karibu na magharibi. Kila mteja aliyekuja nilimsalimia, nikamwambia karibu, lakini foleni inaanzia hapa. Mmoja akamuuliza Castory, "Huyu ni mama yako?"

"Laiti angekuwa mama yangu," akasema, "ningehamia Tabora."

Siku ya pili adhuhuri nikamwambia dirisha lake moja la hosteli limepinda upande wa kushoto. Akakataa. Akalipima. Lilikuwa limepinda. Akakaa juu ya pipa, akanitazama, mimi nikamtazama. Kisha akasimama, akaleta waya, akaukanyaga akaniambia, "Haya Bibi, njoo ufunge fundo mwenyewe." Nikafunga. Akawasha mashine yake akaanza kukata. Kile kiti nilimwachia. Mpaka leo wateja wake wanakalia.

Ziwa likafunguliwa na giza zuri, maana dagaa wanavuliwa kwa taa wakati hakuna mwezi. Mitumbwi ilirudi asubuhi imejaa. Tukaanika siku mbili, jua halikutuangusha, na siku ya tatu wanawake wakasimama.

Mimi ndiye mkubwa kwa miaka, kwa hiyo hupakia wa mwisho. Niliwatazama wote wakipakia kwenye zile pikapu za kukodi. Ikafika zamu yangu, Abdulmajid akaliingiza guta kinyumenyume mpaka kwenye kichanja. Veneranda akaja mbele, mikono kiunoni.

"Mama Majidi, mbona hiki si kile cha kwenye picha?"

"Kile kimefutwa."

"Basi na maneno yako yamefutwa. Sheria inasema gunia lipande garini. Hili si gari, ni beseni lenye magurudumu. Hata mjukuu wangu angepakia."

Wengine wakaguna kukubali. Binti yake alikuwa amesimama nyuma yake, anatazama chini, na kichanja changu kilikuwa katikati yetu. Lakini miaka ishirini na sita kichanja kwa kichanja unajua mengi.

"Veneranda," nikasema, "mwaka wako wa kwanza hapa, ulipakia wapi?"

Akageukia mitumbwi.

"Ulipakia kwenye mkokoteni wa Eliakimu. Tairi moja imefungwa kwa kamba. Tukakupa kichanja. Kwani ule mkokoteni ulikuwa na leseni?"

Wanawake wakacheka mpaka mwingine akakaa mchangani. Hata binti yake alicheka, akaziba mdomo. Veneranda alikaza uso, kisha midomo ikamponyoka. "Pakia," akasema. "Pakia tuone. Lakini lifike Mwanga. Likikatika njiani hukupakia."

"Sawa."

Nikalishika gunia. Goti la kushoto. Nilisikia Abdulmajid anashuka kwenye kiti cha dereva, nikamwambia bila kugeuka, "Mikono mfukoni, baba." Akarudi. Nikalivuta nyongani, nikasimama hapo nalo, na kwa mara ya kwanza tangu nianguke sikuwa na haraka, kwa sababu palipobaki hapakuwa na kupandisha tena. Nililisukuma. Likaingia. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama mtu amekaa kitandani.

Nikapakia la pili, ingawa sheria haidai. La tatu pia. La nne nikamwita Abdulmajid, kwa sababu kiburi nacho kina mahali pake pa kushukia.

Kisha nikapanda mbele kando yake, tukakwenda mpaka Mwanga na kurudi. Kwenye mlima wa kuingia mjini injini ililia, nikafikiri maneno ya Veneranda, lakini tulifika. Tuliporudi alikuwa bado amesimama kwenye kichanja changu. Hakuna aliyenipa beseni. Akaniuliza tu, huku anatazama ziwani, "Huyo fundi wako mrefu, anapima yeye au unapima wewe?"

Tangu siku hiyo Castory ametengeneza mengine matatu, kila moja na kimo chake, na kila waya wenye fundo anautundika ukutani na jina la mwenyewe. Abdulmajid ameacha bodaboda, anaendesha langu. Winfrida aliacha kazi kule kwenye kampuni, ndiyo sababu ana nafasi ya kunisumbua kila Jumamosi.

Sasa mimi nimemaliza, na wewe unayesoma zamu yako imefika, maana sikuandika usiku na mchana kwa vifungo vya koti ili ulale. Kama unafanya kazi kwenye hiyo stoo, au unamjua anayefanya, fungua lile faili, toa bahasha yenye jina langu, uzi wangu uniletee. Ni wangu. Utume kwa basi, Kigoma, Mwasiti binti Pazi wa Kasingirima, stendi nitakwenda mwenyewe. Na kama hujui stoo yoyote, inuka hapo ulipokaa. Mtafute mwanamke anayekuinulia mizigo nyumbani kwako, mpe uzi akanyage mwanzo wake, avute mpaka nyongani, afunge fundo. Afunge yeye, usimfungie wewe. Umpelekee fundi leo hii, na akikwambia wiki ijayo, nenda na kiti.